Kelele na msongamano katika majumba ya ghorofa: Sheria yasemaje, na mpangaji afanyeje?

KUTA ni nyembamba, ngazi ni moja na kamba za kuanikia nguo juu ya paa ni za wote. Katika majumba ya ghorofa ya mitaa kama Pipeline, Umoja, Kayole na Zimmerman jijini Nairobi, redio ya mpangaji wa orofa ya tatu husikizwa pia na yule wa orofa ya nne, apende asipende. Na pale ambapo watu wanane au kumi wanaishi katika vyumba viwili, hata shughuli za kawaida za nyumbani hugeuka kuwa kero: maji yanayochotwa usiku wa manane, viti vinavyoburutwa sakafuni, mlango unaobamizwa kila anayeingia na kutoka.

Anayeumia si yule tu anayelala kwa mang'amung'amu. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku na mgonjwa anayeuguzwa nyumbani wote hudai utulivu. Kwa upande mwingine, familia inayolaumiwa kwa msongamano mara nyingi haina pa kwenda. Ndiyo sababu mizozo ya aina hii huhitaji busara pamoja na kuijua sheria.

MSONGAMANO ULITOKA WAPI?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi, ambayo eneo lake ni takriban kilomita 700 mraba. Hiyo ni zaidi ya watu 6,200 kwa kila kilomita mraba, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa watu 82. Sensa hiyo ilionyesha pia kwamba familia ya Nairobi ina wastani wa watu watatu hivi. Hata hivyo, wastani huo hufunika mengi, kwa kuwa unajumlisha kijana anayeishi peke yake na familia kubwa iliyobanana katika chumba kimoja.

Mfano mzuri ni mtaa wa Umoja. Ulianzishwa miaka ya 1970 na Baraza la Jiji kwa ufadhili wa Marekani, ukiwa na nyumba ndogo zisizo na ghorofa. Kadiri miaka ilivyopita, sehemu kubwa ya eneo hilo na mitaa jirani ilijaa majumba marefu ya kupangisha, yaliyosongamana kiasi cha kuzibiana mwanga na hewa. Mtafiti Marie Huchzermeyer aliyalinganisha majumba ya Nairobi na yale ya Berlin, Ujerumani, ya karne ya 19 katika kitabu chake Tenement Cities cha mwaka 2011.

Kodi ikipanda, wapangaji hugawana chumba. Jamaa akija mjini kutafuta kazi, hupokewa na ndugu yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, huichukulia nyumba kuwa na msongamano iwapo zaidi ya watu watatu wanatumia chumba kimoja.

KELELE KWA MUJIBU WA SHERIA

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Aidha, Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero nyingine za umma.

Mwongozo wa kina zaidi umo katika kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Kanuni hizo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Zinahesabu mchana kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Katika eneo la makazi, kiwango cha juu kinachoruhusiwa ndani ya nyumba ni desibeli 45 mchana na 35 usiku. Nje ya nyumba ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Pale ambapo makazi yamechanganyika na maduka na sehemu za burudani, kiwango cha mchana ni desibeli 55, lakini cha usiku kinabaki 35.

Ili msomaji apate picha, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio karibu hufikia takriban desibeli 60. Tena desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari: sauti ikiongezeka kwa desibeli 10, sikio huihisi kana kwamba imezidi maradufu. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza sauti isiyozidi wastani wa desibeli 30 katika chumba cha kulala ili usingizi usikatizwe.

Hata hivyo, si kila sauti inayomuudhi jirani ni kosa. Kanuni za 2009 zinataka mambo kadhaa yazingatiwe: wakati wa kelele, ukaribu wake na makazi ya watu, iwapo inajirudia au ni ya mfululizo, ukali wake, iwapo imekuzwa kwa mitambo, na iwapo ingeweza kudhibitiwa bila taabu wala gharama kubwa. Kwa kipimo hiki, kilio cha mtoto mchanga saa nane za usiku hakiwezi kulinganishwa na spika iliyoelekezwa ukutani saa hiyo hiyo. Spika ina kitufe cha kupunguza sauti; mtoto hana.

MSONGAMANO NAO?

Sheria ya Afya ya Umma (Sura ya 242) inaiorodhesha nyumba iliyojaa watu kiasi cha kuhatarisha afya ya wakazi wake miongoni mwa mambo yanayohesabika kuwa kero. Shabaha yake hasa ni maradhi. Kifua kikuu, kwa mfano, huenea upesi pale ambapo watu wengi wanalala katika chumba kisichopitisha hewa.

Afisa wa afya akithibitisha kero hiyo, anaweza kutoa ilani ya maandishi kwa aliyeisababisha, akimtaka aiondoe katika muda uliowekwa. Asipopatikana, ilani huelekezwa kwa mkazi au mwenye nyumba. Kero ikitokana na kasoro ya jengo lenyewe, anayewajibika ni mwenye nyumba. Ilani ikipuuzwa, hatua inayofuata ni mahakama.

Hapa ndipo mlalamishi anapopaswa kupima maneno yake. Idadi ya watu na kelele ni mambo mawili tofauti. Familia ya watu wanane yaweza kuwa tulivu kuliko kijana mmoja mwenye redio kubwa. Anayetaka usingizi apeleke malalamishi kuhusu kitendo chenyewe, yaani muziki, ugomvi au mlango unaobamizwa, badala ya kuhesabu vichwa vya watoto wa jirani. Lalama ya msongamano yaweza kuishia kwa familia kufurushwa, ilhali kifungu cha 43 cha Katiba kinatambua haki ya kila mtu kupata makazi ya kufaa.

NYUMBA ZA KUMILIKI

Katika majumba ambayo kila nyumba ina mmiliki wake, kama yalivyo mengi ya Kilimani na Kileleshwa, kuna njia ya ziada. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987, inawaunganisha wamiliki wote wa jengo katika shirika moja linalosimamia sehemu za pamoja, kukusanya ada za huduma na kutekeleza kanuni za ndani. Sheria hiyo imetoa pia nafasi ya kuundwa kwa kamati ya ndani ya kusuluhisha mizozo.

Kwa kawaida kanuni za ndani hutaja saa za utulivu, matumizi ya maegesho na paa, na marufuku ya kuwaudhi wakazi wengine. Mmiliki aliyepangisha nyumba yake hawezi kujitenga na tabia za mpangaji wake. Basi barua ya malalamishi inapoandikwa, nakala yake ipelekewe mmiliki hata kama anaishi ng'ambo.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, zungumza na jirani. Wengi hawajui jinsi sauti inavyopenya sakafu na kuta. Mazungumzo hayo yafanywe mchana, kwa sauti ya chini, wala si saa saba za usiku hasira zikiwa zimepanda. Anayemwendea jirani kwa heshima ya "Mama Fulani" au "Baba Fulani" husikizwa kuliko anayegonga dari kwa ufagio.

Pili, weka kumbukumbu. Katika daftari, andika tarehe, saa, aina ya kelele, muda iliodumu na hatua iliyochukuliwa. Programu za simu zinazopima sauti husaidia kutoa makadirio, ila haziwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha mkaguzi. Majirani wengine wanaoathirika nao watie sahihi. Sauti ya wengi haipuuzwi kwa urahisi.

Tatu, mwandikie msimamizi wa jengo au mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya 2012 inachukulia kwamba kila mkataba wa kupangisha una ahadi ya mpangaji kutumia nyumba kwa amani, bila kusumbuliwa na mwenye nyumba au yeyote anayedai haki kupitia kwake. Soma pia mkataba wako. Mingi inakataza kero na kumpangisha mtu mwingine bila idhini.

Nne, tafuta msuluhishi. Chifu, wazee wa mtaa, kamati ya Nyumba Kumi au viongozi wa dini wanaweza kuwakutanisha wahusika. Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza njia mbadala za kutatua mizozo.

Tano, wahusishe maafisa. Kelele inayoendelea wakati huo ni jambo la kupigia polisi simu. Kelele ya kila mara ipelekwe kwa idara ya mazingira ya kaunti au NEMA, na msongamano au uchafu kwa afisa wa afya ya umma. Kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kero kwa umma kuwa kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu gerezani kwa mwaka mmoja.

Sita, na mwisho, ni mahakama. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda kortini haki yake ya mazingira inapokiukwa, bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Kesi za aina hii husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Njia hii ni ya gharama na huchukua muda, kwa hivyo daftari lililotajwa hapo juu huwa na thamani kubwa.

YA KUEPUKA

Mwenye nyumba asimkatie mpangaji stima au maji, asifunge mlango wake kwa kufuli wala kutwaa vyombo vyake kwa sababu ya kelele. Hata Sheria ya Udhibiti wa Kodi (Sura ya 296), inayohusu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, inayohesabu kuwaudhi majirani kuwa sababu ya kumwondoa mpangaji, inataka kwanza amri itolewe.

Jirani naye asijibu kelele kwa kelele. Matusi, hasa yanayotaja kabila la mtu, na kumwanika mwenzako katika kundi la WhatsApp la wapangaji huweza kumgeuza mlalamishi kuwa mshtakiwa.

KINGA

Kabla ya kulipa amana, tembelea nyumba jioni au usiku wa Jumamosi, si asubuhi ya siku ya kazi. Uliza ni nani anayeishi juu na chini, na uangalie iwapo kuna baa, karakana au kanisa la hema karibu.

Wanaoishi humo tayari wana tiba za bei nafuu: zulia sakafuni, vipande vya mpira chini ya miguu ya viti, spika mbali na ukuta wa pamoja, na bawaba za mlango zilizotiwa mafuta. Wapangaji wa jengo moja wakikubaliana kuhusu saa za kufua, za watoto kucheza ngazini na za kufunga lango, wayaandike makubaliano hayo na kuyabandika mlangoni ili kila mpangaji mpya ayasome kabla hajaingiza vyombo.