Kubadili Chombo Kabla ya Kumaliza Deni

Binadamu hulijua neno "changu" tangu utotoni, lakini maana yake kamili huijua kwa kuchelewa. Mtoto hudhani kilichomo mkononi mwake ni chake. Mtu mzima aliyepata kukopa ajua ya kuwa kitu chaweza kuwa mkononi mwa mmoja na katika milki ya mwingine. Tofauti hiyo ina historia ndefu, nayo leo yaonekana wazi katika steji za bodaboda za Embu.

Mji wa Embu uko chini ya miteremko ya Mlima Kenya. Juu yake, upande wa Manyatta na Kianjokoma, ni nchi ya baridi, ya chai na kahawa, yenye vilima na udongo mwekundu uletao utelezi wakati wa mvua. Chini yake, upande wa Siakago na Kiritiri, ni nchi kavu ya Mbeere, ambako muguka huchumwa na kupelekwa sokoni mbio kabla haujanyauka. Pikipiki imfaayo mwenye kubeba abiria mmoja mjini haimfai sana abebaye magunia mlimani. Kwa hiyo mwendeshaji, akiwa angali analipa mkopo wa pikipiki yake, huweza kutamani kuibadili kwa nyingine yenye nguvu zaidi. Hapo huzuka swali: atatoaje badala ya kitu kingine chombo ambacho bado hakijawa chake kamili?

Swali hili halikuzaliwa Embu. Katikati ya karne ya 19 cherehani ilikuwa kitu cha ajabu huko Marekani, lakini bei yake ilizidi dola 100, na familia za kawaida hazikuimudu. Mnamo 1856 Edward Clark, mshirika wa Isaac Singer katika biashara hiyo, alianza kuwapa watu cherehani kwa arbuni ndogo na malipo ya kila mwezi. Tena alikubali kupokea cherehani kuukuu kama sehemu ya bei ya mpya. Basi kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo na kupokea chombo cha zamani badala ya fedha ni mambo yaliyokutana katika duka moja. Faida yake ilikuwa kubwa kwa muuzaji, na mshonaji naye alipata chombo cha kumlisha kabla hajawa na akiba ya kukinunua.

Lakini chombo kile kilikuwa cha nani kabla ya malipo ya mwisho? Jibu lilitolewa Uingereza mwaka 1895, katika kesi ya Helby na Matthews. Mtu mmoja aitwaye Brewster alipewa piano na Helby kwa mkataba wa kuikodi kwa miezi 36, akilipa shilingi 10 na peni 6 kila mwezi, na piano iwe yake atakapomaliza. Baada ya miezi michache tu Brewster aliipeleka piano ile kwa Matthews, mkopeshaji wa rehani, akachukua fedha. Helby alidai piano yake, na shauri likafika hadi Baraza la Makabaila, ambalo zamani hizo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi ile. Makabaila waliamua kuwa Brewster alikuwa mkodishwaji tu, mwenye hiari ya kununua, wala si mwenye mali. Asichokimiliki hakuweza kukitia rehani. Piano ilirudi kwa Helby, na hasara ikabaki kwa Matthews aliyeipokea bila kuuliza.

Hukumu ile iliwapa wauzaji nguvu, na wengine waliitumia vibaya. Mtu aliweza kulipa miezi mingi, akashindwa kidogo karibu na mwisho, akanyang'anywa kitu na fedha zote alizokwisha toa. Kwa hiyo mwaka 1938, kwa juhudi za mbunge Ellen Wilkinson, Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyosema kuwa aliyekwisha lipa theluthi moja ya bei asinyang'anywe kitu ila kwa amri ya mahakama. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya mikataba ya namna hii mwaka 1968, ikaanza kutumika 1970. Kwetu sisi kipimo kiliwekwa katika theluthi mbili. Ndivyo sheria ilivyokiri jambo kubwa: anayelipa kidogo kidogo hupata haki kidogo kidogo.

Tuirudie sasa bodaboda. Jina hili lilitoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, na kazi yenyewe ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia, miaka ya 1960. Pikipiki zilienea sana nchini baada ya serikali, karibu na mwaka 2008, kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo zisizozidi 250cc. Baadaye yakaja makampuni ya kukopesha. Mikopo yao mingi si ya kukodi kama piano ya Helby, bali ni mikopo ambayo pikipiki yenyewe ndiyo dhamana. Sheria ya mwaka 2017 juu ya dhamana za mali inayohamishika iliweka daftari la serikali ambamo mkopeshaji huandikisha dai lake, na yeyote atakaye kununua aweza kulitafuta humo.

Kwa hiyo kubadili pikipiki yenye deni hakukatazwi, ila kuna utaratibu wake. Mwendeshaji huomba kwa mkopeshaji hesabu ya deni lililobaki, kwa maandishi. Muuzaji hupima thamani ya pikipiki kuukuu. Deni hulipwa kwanza, jina la mkopeshaji huondolewa katika logibuku, na kilichozidi huwa arbuni ya pikipiki mpya.

Lakini je, kama hakuna kilichozidi? Tuseme, kwa mfano, deni lililobaki ni shilingi 80,000. Pikipiki ikithaminiwa shilingi 110,000, mwenyewe ana 30,000 za kuanzia. Ikithaminiwa 60,000, amepungukiwa 20,000. Muuzaji aweza kumwambia, "Usijali, tutaziongeza katika mkopo mpya." Pikipiki mpya ya shilingi 180,000 basi yamfikia kwa deni la shilingi 200,000, kabla ya riba. Ameishusha pikipiki ya zamani, lakini deni lake limepanda mpya pamoja naye. Jambo hili hutokea kwa urahisi, kwa maana pikipiki huchakaa upesi katika barabara mbovu, na sehemu kubwa ya malipo ya mwanzo mara nyingi huenda katika riba. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Naye huyu ameifanya harusi ya pili kabla ya kumaliza matanga ya kwanza.

Wako pia wanaokwepa utaratibu huo, wakampa jirani pikipiki yenye deni na kupokea fedha kwa siri. Hao wamefanya kama Brewster, na jirani yao yuko mahali pa Matthews: siku mkopeshaji ajapo, atapoteza pikipiki na fedha pamoja.

Basi kijana atakayefanya kazi hii, au atakayemshauri nduguye aifanyaye, na asiulize tu nguvu ya injini na uzuri wa rangi. Aulize kwanza: deni limebaki kiasi gani, chombo changu chathaminiwa kiasi gani, na tofauti ya hizo mbili ataibeba nani? Anayeyajua majibu hayo kabla ya kutia sahihi aweza kubadili chombo na kusonga mbele. Asiyeyajua aweza kubadili pikipiki tatu, akachakaza ujana wake mlimani Embu, na asimiliki hata moja.