Nani Amlipe Nani? Pesa za Ubomoaji Marekani

Maonyesho ya Dunia ya St. Louis yalipofungwa mwaka 1904, kampuni iliyopata kazi ya kuyabomoa majengo yake haikulipwa. Ililipa. Chicago House Wrecking Company ilitoa dola 450,000 ili iruhusiwe kuvunja na kuondoka na kila kilichokuwemo. Mwaka mmoja kabla, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imelinunua mnadani, kwa dola 1,800, gurudumu kubwa la Ferris lililowahi kuwa kivutio cha Chicago. Gurudumu hilo lilihamishiwa St. Louis, na mwaka 1906 likalipuliwa kwa baruti ili chuma chake kiuzwe. Mbao, madirisha, mabomba na milango viliuzwa kwa katalogi iliyofikishwa na posta hadi kwa wakulima wa mbali. Baadaye wenye kampuni waligeukia kuuza nyumba nzima zilizokatwa vipande tayari kuunganishwa. Biashara ya namna hii haihitaji maelezo marefu kwa yeyote aliyepita penye mabanda ya mbao na mabati yaliyokwisha tumika. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini fedha ziligeuza njia. Leo mwenye jengo ndiye anayemlipa mbomoaji, na naona mgeuko huo unaeleza hatari za kazi hii vizuri kuliko historia ya mitambo yake.

Sababu ya kwanza imo ndani ya ukuta. Matofali ya karne ya 19 yalishikanishwa kwa chokaa. Kibarua aliketi juu ya rundo, akalishika tofali mkono mmoja na kishoka mkono wa pili, akaligonga pande zake. Chokaa ikapukutika, tofali likatoka zima, tayari kwa ukuta mwingine. Boriti za msonobari mkongwe zilikuwa na bei nzuri, na ujira wa wahamiaji ulikuwa mdogo. Saruji iliharibu hesabu hiyo. Inashika kiasi kwamba tofali hupasuka kabla kiungo hakijaachia, na zege lenye nondo halirudi kuwa kitu kingine ila kokoto na chuma kilichopindika. Mishahara nayo ikapanda. Shehena iliyokuwa bidhaa ikawa vifusi, na vifusi vinahitaji lori, shimo la kutupia, na mtu wa kulipia vyote viwili.

Lakini nadhani saruji peke yake haitoshi kueleza jambo hili. Tazama jengo la Gillender, kwenye kona ya Wall Street na Nassau mjini New York. Lilikamilika mwaka 1897, ghorofa 20, fremu ya chuma, mita zipatazo 83 kwenda juu. Mwaka 1910 likabomolewa likiwa na umri wa miaka 13 tu, halina ufa wala kasoro, kwa sababu benki ya Bankers Trust ilitaka kiwanja hicho kwa ajili ya jengo la ghorofa 39. Kiwanja kilikuwa kimenunuliwa kwa takriban dola milioni 1.5. Kwa fedha za namna hiyo, kila siku ambayo ardhi ilikaa bila mpangaji ilikuwa hasara, na kodi ya ardhi haikungoja. Jacob Volk, mbomoaji aliyejinadi kuwa ndiye mharibifu mkuu wa Wall Street, alipewa siku 45. Hapo mteja hakuwa anauza matofali. Alikuwa ananunua muda.

Wapo wanaosema kuwa mitambo ndiyo iliyobadilisha kazi: tufe la chuma linaloning'inia kwenye winchi, kisha baruti iliyopangwa kwa hesabu, kama ile iliyoliangusha duka kubwa la Hudson's mjini Detroit mwaka 1998. Tarehe haziwaungi mkono. Gillender ilishushwa kwa mikono ya wanaume wengi, mchana na usiku, na haraka ilikwisha kuwamo katika mkataba kabla mtambo haujafika kuitumikia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mabaki hayajaacha kulipa. Ni kweli. Kampuni ya ubomoaji ya Lipsett iliinunua meli ya Normandie, iliyokuwa imeungua bandarini New York, kwa dola 161,680, ikaikata kuwa chuma chakavu. Baadaye ikaivunja reli ya juu ya Third Avenue mjini humo. Kampuni hiyo ndiyo iliyoanza kukibomoa kituo cha reli cha Pennsylvania, pia New York, mwezi Oktoba 1963, na humo tunaona mpaka ulipo: chuma kilikuwa na soko, lakini mawe na baadhi ya sanamu vilitupwa kwenye vinamasi vya New Jersey. Kwa hiyo zabuni ya kubomoa hubeba hesabu mbili, gharama ya kazi na thamani ya kitakachookolewa, na mara nyingi mteja huoneshwa jumla tu.

Hesabu hiyo ya pili ndiyo yenye hatari. Mwaka 2013 mjini Philadelphia jengo la ghorofa nne lililokuwa likibomolewa liliangukia duka la mitumba la jirani. Watu 7 walikufa. Mkandarasi alikuwa amechukua kazi kwa dola 112,000, chini sana ya wenzake, na waendesha mashtaka walieleza kuwa aling'oa mbao za sakafu ili aziuze, ukuta ukabaki umesimama bila kushikiliwa. Kanuni ya usalama inataka jengo lishushwe kutoka juu. Soko la mbao lilimvuta ndani kwanza. Huo ulikuwa ulafi wa mtu mmoja, wengine watasema, na mahakama ilimfunga. Hata hivyo, katika kesi ya madai wamiliki wa majengo yote mawili waliwajibishwa pamoja naye, na fidia ikafika dola milioni 227. Naona walistahili kuulizwa. Anayepokea bei ya chini kiasi hicho ana swali moja la kumwuliza mkandarasi kabla ya kutia saini: tofauti hii utaifidia kwa kuuza nini, na utaking'oa lini?