Kilwa Haimo

Kuna chapa moja ndefu ya mbao iliyotolewa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, mwaka 1508, ambayo kwa miezi kadhaa sasa naichonga upya kwenye lino, kipande kwa kipande. Aliyeichora ni Hans Burgkmair. Haina umaarufu wa kifaru wa Albrecht Dürer, yule mwenye mabamba kama deraya, ambaye hata asiyejua lolote kuhusu sanaa keshamwona kwenye fulana. Lakini kwa mtu wa pwani hii, ya Burgkmair ndiyo inayochoma. Aliyempa habari za kuchora alipita hapa kwetu, na alipita wakati mji unaungua.

Mtu huyo ni Balthasar Springer. Hakuwa askari wala padri. Alikuwa wakala wa nyumba ya Welser, matajiri wa Augsburg. Mwaka 1505 Mfalme Manuel wa Ureno alimtuma Francisco de Almeida kwenda India na merikebu 20 na ushei, na wafanyabiashara wa Kijerumani na wa Kitaliano wakatia mtaji katika merikebu tatu za msafara ule, shabaha yao pilipili manga. Springer alipanda mojawapo, iliyoitwa Lionarda. Julai wakafika Kilwa, wakauteka mji, wakamwondoa Amiri Ibrahim, wakamtawaza mtu wao Muhammad Ankoni, wakaanza kujenga ngome. Agosti wakawa Mombasa.

Mombasa haikuingilika kirahisi. Mjerumani mwingine wa msafara uleule, Hans Mayr, aliyekuwa kwenye São Rafael, ameacha maelezo ambayo mimi huyarudia mara kwa mara. Anaeleza vichochoro vyembamba, nyumba za mawe za ghorofa, watu wakivurumisha mawe kutoka juu, na vipenu vya makuti vilivyoegemea nyumba, vikashika moto mpaka mji mzima ukawa muali mmoja usiku kucha. Aliyewahi kuona paa la makuti likiwaka hahitaji kuongezewa maneno.

Springer akarudi Lisbon mwishoni mwa 1506. Picha ikatoka 1508, na 1509 kikafuata kitabu chake cha safari.

Sasa basi, picha yenyewe. Ni ukanda wa vibao kadhaa vilivyounganishwa, na unausoma kama njia ya merikebu. Kwanza Guinea: mwanamume kasimama, mama kaketi na mtoto. Halafu Allago, ambayo huhesabiwa kuwa ghuba ya Algoa kule Afrika Kusini: Wakhoikhoi waliojitanda ngozi za wanyama. Halafu Arabia. Halafu India Kuu, na mwishowe mfalme wa Cochin akiwa amebebwa juu na watu wake. Wanahistoria wa sanaa huisifu, na wana haki. Mwaka 1493, yaani miaka 15 tu kabla, kitabu kikubwa cha historia ya dunia kilichochapwa Nuremberg kilikuwa bado kinaonyesha watu wenye vichwa vya mbwa na watu wa mguu mmoja kama wakazi wa nchi za mbali. Burgkmair hakuchora mazimwi. Alichora familia. Watu wake wana magoti, wana vitovu, na wanatazamana.

Lakini hebu hesabu vituo. Kati ya Algoa na India, msafara ulitia nanga Kilwa na ukatia nanga Mombasa, na hapo ndipo ulipomwaga damu nyingi kuliko kwingine kote njiani hadi hapo. Kwenye ukanda, nafasi yote hiyo imepewa neno moja: Arabia. Rafiki yangu mmoja hushikilia kwamba hao wa Arabia ndio sisi, kwa hiyo niache kulalamika. Sikubali kirahisi hivyo. Kilwa haikuwa kijiji cha kupitwa bila jina. Ibn Battuta aliutembelea mji huo mwaka 1331 na akausifu. Ulikuwa na sarafu zake wenyewe za shaba. Mayr aliona misikiti yenye dari za kuba, na mmojawapo akaufananisha na ule wa Cordoba. Springer alikiona hichohicho. Kisha kalamu ikafika Augsburg na mji ukawa umeyeyuka ndani ya jina la nchi nyingine.

Na majina ya Burgkmair, tuseme ukweli, si ya kuapia. Miaka michache baadaye alichora kundi la watu wa Calicut kwa ajili ya ule msururu mkubwa wa chapa uliomtukuza Kaizari Maximilian. Baadhi ya hao watu wa Calicut wamevaa manyoya ya Brazili na wameshika mahindi, zao la Amerika. Kwa mchoraji wa Augsburg, kila kilichotoka ng'ambo ya bahari kilikaa kwenye kabati moja.

Haya yote unaweza kuyapata kwa kusoma. Kuna jambo jingine ambalo mimi sikuliona mpaka niliposhika bobari.

Chapa ya mbao ya enzi zile ilifanywa hivi. Mchoraji anachora kwa wino juu ya ubao laini, mara nyingi wa mti wa peasi, uliopasuliwa kwa urefu wa shina. Kisha anaingia fundi mchongaji, mtu mwingine kabisa, kama Jost de Negker aliyefanya kazi na Burgkmair palepale Augsburg. Kazi ya fundi ni kuondoa mbao pande mbili za kila mstari, ili mstari ubaki umesimama kama ukuta mwembamba. Wino unakaa juu ya ukuta, karatasi inagandamizwa, na mstari mweusi unatokea. Kila kilichochongwa kinabaki cheupe. Kwa maneno mengine, fundi anatumia siku zake zote kutengeneza weupe, na mistari michache inayonusurika ndiyo picha.

Matokeo yake ni kwamba ngozi ya kila mtu kwenye ukanda ule ni karatasi. Mtu wa Guinea, Mkhoikhoi, mfalme wa Cochin, wote wana ngozi ileile ambayo Burgkmair aliwapa watakatifu na makaizari. Weusi wao umedokezwa kwa vistari vya kivuli, kwa nywele, na kwa maandishi ya juu. Simlaumu. Ndivyo fani ilivyotaka. Uso mweusi tii kwenye ubao wa 1508 ungeonekana kosa la fundi aliyesahau kumaliza kazi. Lakini ukikaa na kisu mkononi, ukifuata mistari yake kwa saa tatu, unajikuta unamchonga mtu mweusi kwa kumwondoa weusi wake kidogo kidogo. Mkono unaelewa kabla ya kichwa.

Lino ina tabia nyingine, na ndiyo maana siiachi. Ni kitu cha juzi tu. Mwingereza Frederick Walton aliibuni katika miaka ya 1860 ili itandikwe sakafuni: mafuta ya kitani yaliyogandishwa, unga wa gome lilelile linalotoa vizibo vya chupa, na mgongoni kitambaa kama cha gunia. Wasanii waliichukua baadaye, na kwa muda mrefu ilionekana kitu cha watoto wa shule. Haina nyuzi kama mbao, kwa hiyo kisu kinageuka kokote bila kukwama. Ikiwa baridi ni ngumu. Wenzetu wa nchi za baridi hushauri uipashe kwa pasi; Mombasa unaiweka dirishani ukaenda kunywa chai. Wino naupaka kwa rola, na kwa kuwa sina mashine, nakala nazitoa kwa kusugua mgongo wa karatasi na mwiko wa mbao. Wa ugali, ndiyo. Umeshanawirika kwa miaka, hauchani karatasi.

Ila lino haivumilii mstari mwembamba. Ule ukuta wa wino ambao kwenye mti wa peasi unasimama imara, kwenye lino unamumunyika kama biskuti. Huwezi kumnakili Burgkmair mstari kwa mstari. Lazima unene, upunguze, uchague. Hapo ndipo walipopita mafundi wa kusini mwa Afrika waliosoma katika kituo cha sanaa cha Rorke's Drift, kilichoanzishwa miaka ya 1960: Azaria Mbatha na, baada yake, John Muafangejo wa Namibia. Tazama chapa ya Muafangejo yoyote. Watu wake ni weusi kwa sababu hakuwagusa. Ameacha lino ilivyo, akachimba macho, vidole, mikunjo ya nguo, na mwanga ukaingia kwa mistari myeupe. Wino ndio ngozi. Wale waliochonga Biblia kwa namna hiyo, wakati wa ubaguzi wa rangi, walijua vizuri sana wanachokifanya.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Vibao vya Guinea na Allago navichonga kwa namna ya Burgkmair, mistari myeusi juu ya karatasi, ila minene zaidi. Kisha, kabla ya Arabia, natia kibao ambacho hakikuwepo, na hicho nakichonga kwa namna ya Muafangejo. Juu yake nimeandika KILWA, kinyumenyume bila shaka, kwa kuwa chapa hugeuza kila kitu. (Nilifikiria kuandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo wenyeji wa Kilwa wangezisoma. Ukizigeuza, unajikuta unachonga Kiarabu kutoka kushoto kwenda kulia. Jaribu siku moja kama unataka kuumwa kichwa.)

Swali likawa nani awe ndani ya kibao. Kwa mavazi nilimfuata Mayr, maana ndiye shahidi aliye karibu zaidi na kazi yangu. Anasema waungwana wa Kilwa walivaa nguo mbili za pamba, moja kiunoni hadi miguuni, nyingine mabegani ikishuka mpaka pale ya kwanza ilipofungwa. Nilicheka niliposoma, maana hiyo ni shuka na mtandio, na mpaka leo ukienda msikitini alfajiri utamkuta mzee amevaa hivyohivyo. Mchoro wa muungwana ulikamilika jioni moja.

Lakini sentensi ya jirani ya Mayr ni kuhusu watumwa. Anasema walikuwa wengi kuliko waungwana, wakifanya kazi mashambani, na wakivaa nguo moja tu, kiunoni hadi magotini, juu wazi. Waungwana yeye anawaita Wamoro weupe na watumwa anawaita weusi, na hapo anatumia macho ya Lisbon. Siwezi kumchukulia neno la rangi kama ushahidi wa rangi. Neno la nguo nalichukua. Mtu anayehesabu nguo za watu, akaona huyu ana mbili na yule ana moja, ameona jambo.

Nilipomwonyesha mjomba wangu mchoro wenye watu wawili, mwenye nguo mbili na mwenye nguo moja, aliuweka mezani polepole. "Wazungu walichoma Kilwa," akasema, "na wewe unawachongea Waswahili utumwa?" Nikamwambia, "Mjomba, mimi sijaongeza kitu." Akasema, "Kuchagua ni kuongeza." Hapo alinipata, maana ndiyo hoja yangu mwenyewe dhidi ya Burgkmair. Tulizungumza mpaka adhana. Anaogopa, na woga wake una sababu, kwamba nakala itakwenda kutundikwa ukutani kwa mtu atakayeona utumwa tu asione mji. Nami naogopa kinyume chake: kibao chenye muungwana peke yake, shuka imenyooka, msikiti wa kuba nyuma, kizuri kabisa cha kuuzia watalii, na wale waliokuwa wengi mjini wanakosekana kwa mara ya pili. Mara ya kwanza walitoweka pamoja na mji mzima. Mara hii ningekuwa nimewatoa mimi, peke yao.

Moto sikuuchora. Kwa lino moto ni rahisi mno: ndimi nyeupe juu ya weusi, kila mtu anapiga makofi.

Kilichobaki ni suala la mkasi. Ukanda wa Burgkmair haukukaa mzima mikononi mwa watu. Vibao viliachana, na Nuremberg Georg Glockendon alitoa nakala zake za picha hizo miaka michache tu baadaye. Picha ikishatoka mkononi mwako, kila mtu anakata anachokipenda. Nami nauza karatasi, siwezi kumfuata kila mnunuzi nyumbani kwake. Kwa hiyo nimewasogeza wale wawili. Nguo ya pili ya muungwana, ile ya mabegani, nimeishusha na kuipitisha nyuma ya mgongo wa mwenye nguo moja hadi upande wa pili, mkunjo mmoja mrefu mweupe uliochimbwa bila kuinua bobari. Hakuna mahali pa kupitisha mkasi bila kumkata mkono mmoja wao. Mjomba ameomba nakala ya kwanza. Hajasema ataitundika wapi.