Vigogo Walioanguka Dakika za Mwisho

Alabama walitangazwa mabingwa wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani wa msimu wa 1964, kisha ndipo wakafungwa. Waandishi wa habari za michezo, waliokuwa wakizipanga timu kwa kura kupitia shirika la Associated Press tangu 1936, walipiga kura yao ya mwisho kabla ya mechi za mwaka mpya. Januari 1, 1965, Alabama, wakiwa na nyota wao Joe Namath, wakalala 21-17 mbele ya Texas mjini Miami. Siku hiyohiyo Arkansas waliwafunga Nebraska 10-7 na kumaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja. Taji la waandishi likabaki Alabama.

Msimu uliofuata kura ilisogezwa mbele, na siku moja tu ikaonyesha kwa nini ilistahili kusogezwa. Januari 1, 1966, Michigan State waliokuwa wa kwanza walifungwa na UCLA 14-12. Arkansas, wa pili, wakafungwa na LSU 14-7. Nebraska, wa tatu, wakachapwa 39-28 na Alabama waliokuwa wa nne, na Alabama wakachukua ubingwa tena. Hata hivyo waandishi waliurudia utaratibu wa zamani kwa misimu miwili, na ni mwaka 1968 walipoamua kusubiri moja kwa moja hadi mechi zote ziishe.

Chanzo cha shida hii hakijawahi kuondoka. Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 100, na kila kimoja hucheza mechi kama 12 kwa msimu. Haviwezi kukutana vyote, kwa hiyo hakuna msimamo mmoja wa pointi wa kumaliza ubishi. Lazima watu wakae waamue nani bora, na watu hukumbuka zaidi walichokiona juzi. Timu ikifungwa Septemba, ina miezi miwili ya kusafisha jina. Ikifungwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, Jumapili tayari wameishusha.

Mwaka 1998 uliletwa mfumo wa BCS, uliochanganya kura na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za kucheza fainali. Tayari katika msimu wake wa kwanza ulipata mtihani. Ilipofika Desemba 5 timu tatu kubwa zilikuwa hazijafungwa: Tennessee, Kansas State na UCLA. UCLA walikuwa Miami kucheza mechi iliyoahirishwa tangu Septemba kwa sababu ya kimbunga Georges. Wakapoteza 49-45. Kansas State nao wakaangushwa na Texas A&M, 36-33, katika muda wa nyongeza. Florida State wakapata nafasi ya fainali, wakafungwa na Tennessee 23-16. Laiti kimbunga kile kisingepita, kipigo cha Miami kingekuwa cha Septemba, na UCLA wangekuwa na muda wa kutosha kujiinua.

Lakini usiku unaonivuta kuliko mwingine wowote ni wa Desemba 1, 2007, mjini Morgantown. West Virginia walikuwa wa pili katika orodha. Ushindi ungewapeleka fainali, na wageni wao walikuwa majirani na mahasimu wa miaka mingi, Pittsburgh, walioshinda mechi nne na kupoteza saba. Watabiri waliwapa wenyeji ushindi wa zaidi ya pointi 28. Kisha Pat White, aliyekuwa moyo wa mashambulizi ya West Virginia, akateguka kidole gumba. Mpigaji wao, Pat McAfee, akakosa mipira miwili ya milingoti, mmoja wa yadi 20 na mwingine wa yadi 32. Upande wa pili kijana wa mwaka wa kwanza, LeSean McCoy, aliendelea kuukumbatia mpira na kukata katikati ya watu hadi akafikisha yadi 148. Mwishoni Pittsburgh waliongoza 13-7, na mpigaji wao akatoka nje ya eneo lao la goli makusudi. Aliwazawadia wenyeji pointi mbili ili saa imalizike: 13-9. Pittsburgh hawakuwa na taji lolote la kupigania, ila usiku huo waliamua hatima ya wenzao.

Saa zilezile huko San Antonio, Missouri waliokuwa wa kwanza walikuwa wanachapwa 38-17 na Oklahoma. Vinara wote wawili chini kwa usiku mmoja! Ohio State, ambao hata hawakucheza, wakapanda hadi nafasi ya kwanza. LSU waliokuwa wa saba wakarukia ya pili. Walikuwa wamepoteza mechi mbili, zote katika muda wa nyongeza wa tatu, na ya pili dhidi ya Arkansas wiki moja tu nyuma. Lakini walikuwa mabingwa wa kanda yao, na mwezi Septemba waliwabamiza Virginia Tech 48-7. Wakawafunga Ohio State 38-24 na kuwa mabingwa wa kwanza wa BCS wenye vipigo viwili.

Kilichoifikisha BCS ukingoni kilitokea Ames, Iowa, Novemba 18, 2011. Siku iliyotangulia, ajali ya ndege ilimuua kocha wa kikapu wa wanawake wa Oklahoma State, Kurt Budke, na msaidizi wake, Miranda Serna. Timu ya futiboli ya chuo hicho ilikuwa haijafungwa, na hata uwanjani iliongoza 24-7. Ikafungwa na Iowa State 37-31. Kwa kipigo hicho Alabama na LSU, wa kanda moja na waliokwisha kukutana, wakarudiana fainalini. Mwezi Juni 2012 marais wa vyuo waliidhinisha mtoano wa timu nne, ulioanza msimu wa 2014. Kwa maoni yangu walichelewa.

Tangu 2024 timu ni 12. Novemba 30 ya mwaka huo Ohio State, wa pili, walifungwa nyumbani 13-10 na Michigan, timu isiyokuwa hata kwenye orodha. Zamani hapo ndipo safari ingeishia. Safari hii waliingia mtoano kwa nafasi ya nane, wakawatoa Tennessee, Oregon na Texas, na Januari 20, 2025 wakawafunga Notre Dame 34-23. Notre Dame wenyewe walikuwa wamefungwa nyumbani na Northern Illinois mwezi Septemba.

Kuna wanaosema kipigo cha mwisho kimepoteza makali. Waulizwe Alabama. Walikuwa wamechapwa 24-3 na Oklahoma Novemba 23, na Desemba 7 walikaa kutazama Clemson na SMU wakiwa sare 31-31 mjini Charlotte. Nolan Hauser wa Clemson akapiga mpira wa yadi 56 kwenye pigo la mwisho kabisa la mechi, ukapita. Clemson wakaingia kama mabingwa wa kanda, kamati ikawabakiza SMU licha ya kufungwa, na aliyekosa nafasi alikuwa Alabama.