Kabla ya Chumba cha Upasuaji: Watoto Wenye Kasoro Adimu za Kuzaliwa Kibondo na Kasulu

Pacha walioungana kutoka Misenyi, Kagera, walitenganishwa Riyadh mwezi Desemba 2018. Wengine walitenganishwa Muhimbili mwezi Julai 2022. Taifa lilishangilia, na lilistahili kushangilia. Hata hivyo, habari za namna hiyo zimetuzoesha kuamini kwamba mtoto mwenye kasoro ya maumbile huokolewa na bingwa, na kwamba wilaya isiyo na bingwa haina la kufanya ila kuandika rufaa. Makala hii inapinga imani hiyo. Kwa mtoto anayezaliwa katika zahanati ya Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, mengi huamuliwa na mkunga katika saa za kwanza.

Kila kasoro, ikitazamwa peke yake, ni adimu. Mkunga anaweza kustaafu akiwa amemwona mtoto mmoja tu aliyezaliwa utumbo ukiwa nje. Zikijumlishwa, hesabu hubadilika: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka kasoro za kuzaliwa huua watoto wapatao 240,000 kabla hawajatimiza siku 28. Kwa kuwa kila moja huonekana mara chache mno, uzoefu hauwezi kuwa mwalimu wa kutegemewa. Kinachohitajika ni utaratibu usiobadilika wa kumkagua kila mtoto, hata aliyelia vizuri: kumgeuza na kutazama mgongo, kupitisha kidole kwenye kaakaa, kuhakikisha njia ya haja kubwa ipo, na kumsimamishia maziwa anayetoa povu mdomoni mfululizo mpaka ijulikane kama koo lake limeungana na tumbo.

Utumbo nje ndio mfano unaosema zaidi. Utafiti uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2021, kutoka hospitali 264 katika nchi 74, ulionyesha kuwa katika nchi tajiri walikufa watoto 2 kati ya 139 wenye kasoro hiyo. Nchi za kipato cha kati zilipoteza 97 kati ya 304, na nchi maskini 9 kati ya 10. Watoto kumi ni wachache mno kujengea asilimia, nakiri. Lakini kumbuka kwamba hao wote walifika hospitali. Aliyekata roho njiani hayumo katika jedwali lolote. Utumbo ulio wazi hupoteza joto na maji kwa kasi, na mtoto hupoa na kukauka kabla maambukizi hayajaanza kazi yake. Kinga ya hatua hiyo haihitaji bingwa: mfuko safi wa plastiki wa kufunika utumbo, kumlaza ubavu wa kulia, mpira wa kupitisha puani hadi tumboni, dripu, na joto la kutosha safari nzima. Mwenye mgongo wazi hulazwa kifudifudi, kidonda kikifunikwa kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali. Mwenye kaakaa lililopasuka hukamuliwa maziwa ya mama akanyweshwa kwa kikombe au kijiko. Huyu hana haraka ya kisu. Njaa ndiyo itakayomuua.

Safari yenyewe ni ndefu. Kutoka Kibondo hadi Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Kigoma mjini, ni zaidi ya kilomita 200. Bugando, hospitali ya kanda, iko Mwanza, ng'ambo ya maji, na kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025 gari la wagonjwa lilisubiri kivuko kama magari mengine. Mfumo wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito kwa dharura, unaopatikana kwa kupiga 115 bila malipo, sasa huwahusu pia watoto wachanga. Ni hatua kubwa. Ila gari likimbeba mtoto aliyepoa, linachofikisha ni maiti au karibu yake.

Mtu anaweza kuuliza: kuna faida gani kumwimarisha mtoto ambaye upasuaji wake haupo, huku ukoo ukiuza mbuzi na shamba? Swali hili si la kikatili. Zipo kasoro zisizo na tiba, kama ya mtoto aliyezaliwa bila sehemu kubwa ya ubongo. Hapo wazazi, pamoja na bibi na shangazi ambao kwa kawaida ndio wenye sauti, wanastahili kuambiwa ukweli, mtoto apewe joto na mama akingwe na lawama. Lakini kuwatendea wote kana kwamba ni wa kundi hilo ni uzembe uliovaa joho la huruma.

Upande wa kinga nao una kejeli yake. Mfereji wa neva wa kijusi, ambao usipofunga huacha mgongo wazi, hufunga takribani siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito, sembuse kuanza kliniki na kupewa vidonge vya foliki. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2011 ziliagiza kurutubisha unga wa ngano na mahindi viwandani. Kasulu hula muhogo, na mahindi yaliyosagwa kwenye mashine ya kijijini. Kwa miaka mingi unga wa mgawo katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta ulikuwa umerutubishwa. Wa jirani aliye nje ya kambi haukuwa.

Kigoma ina historia inayotunyima kisingizio. Dk. Godfrey Mbaruku na Staffan Bergström walieleza mwaka 1995 jinsi vifo vya wajawazito katika hospitali ya mkoa vilivyoshuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya 1984 na 1991. Walichunguza vyanzo vya vifo, wakarekebisha yaliyokuwa ndani ya uwezo wao. Vikao vya kujadili vifo vya wajawazito na watoto wachanga vipo tayari. Kwa mtoto mwenye kasoro, kikao kisiishie kuandika "kasoro ya kuzaliwa" kwenye safu ya chanzo. Kiulize iligunduliwa saa ngapi, joto lake lilikuwa kiasi gani alipoondoka zahanati na alipopokewa, alinyweshwa nini, na 115 ilipigwa na nani.