Mgawanyo wa Mzigo wa Ulinzi wa Amani

Mgawanyo wa mzigo wa ulinzi wa amani ni namna mataifa yanavyochangia fedha na askari katika operesheni za kimataifa. Umoja wa Mataifa huzitoza nchi kwa kadiri ya uwezo wao: wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama huongezewa, nchi maskini kabisa hupunguziwa asilimia 90. Maisha ya askari hayana kanuni kama hiyo, na hapo ndipo dhuluma ilipo. Jioni ya 7 Desemba 2017, kambi ya walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa. Kwa pwani ya Kilwa na Lindi, kusini mwa Tanzania, vita vilisogea karibu zaidi kupitia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilipeleka kikosi huko mwaka 2021, Tanzania ikichangia askari huku ikiulinda mpaka wake yenyewe. Kikosi kiliondoka mwaka 2024.