Mkazo wa Maneno ya Kifaransa

Sisi tusemao Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, nyu-MBA-ni. Mfaransa huutia mwishoni. Je, sababu ni nini?

Julius Caesar aliishinda nchi ya Gallia kati ya mwaka 58 na 50 kabla ya Kristo, na baadaye Kilatini kikaenea huko. Mrumi alisema bo-ni-TA-tem, yaani wema. Karne zilipopita, silabi iliyoufuata mkazo ilififia ikapotea, na ile ya ni ikamezwa, likabaki bon-TÉ. Basi mkazo haukuhama. Mkia wa neno ndio uliokatika. Viapo vya Strasbourg, vya mwaka 842, vyatuonyesha lugha hiyo mpya ikiwa imekwisha kuandikwa.

Mwanafunzi na aangalie. Katika ca-ma-RADE, herufi e ya mwisho huandikwa wala haitamkwi. Kwa hiyo mkazo ni hapo rade. Tena maneno yakifungamana, mkazo mkuu huangukia la mwisho: a-MI, lakini ami fi-DÈLE. Asomaye kwa mkazo wa kwetu atafahamika kwa shida, ajapojua kila neno. Kila lugha ina mwendo wake, na mwendo huo una historia yake.